Watu Waliotutangulia: Mambo ya Kale ya Shinyanga na Geita

(Somo kwa redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima)

Natumaini mwalimu wenu amekwisha kuandika ubaoni maneno matano ya somo la leo. Maneno yenyewe ni haya: tabaka, kigae, zana, tanuri na ushahidi. Tutayatumia yote, na mwisho wa somo kila mmoja ayaandike katika daftari lake.

Leo tutazungumza habari za watu waliokaa katika nchi hii kabla yetu. Sisemi kabla ya baba zetu na babu zetu tu. Nasema kabla ya watemi, kabla ya ng'ombe na kabla ya jembe. Wako watu wanaodhani kwamba zamani hapa palikuwa pori tupu, na kwamba historia ya Geita ilianza siku Wajerumani walipoona dhahabu. Hivyo sivyo. Nchi hii ilikuwa na wenyewe, nao waliacha ushahidi. Ushahidi huo haukuandikwa vitabuni, uko ardhini. Na sisi wa Shinyanga na Geita twachimba sana ardhi. Twachimba mashamba, visima, misingi ya nyumba, na zaidi ya yote twachimba maduara ya dhahabu. Kwa hiyo ushahidi huo hupita mikononi mwetu sisi, nasi twaweza kuuhifadhi au kuupoteza kabisa.

1. Ni miaka mingapi?

Kwanza tuelewane juu ya hesabu ya miaka, maana mtu akisikia miaka elfu na miaka milioni, huona zote ni sawa, yaani "zamani sana". Lakini hazilingani hata kidogo. Tufanye mfano. Tuseme umesimama mlangoni mwa darasa lako, nawe waenda nyuma katika wakati. Kila hatua moja ya mguu wako ni miaka 1,000.

Hatua mbili tu, nawe umefika wakati ule watu wa kandokando ya Ziwa Viktoria walipokuwa wakiyeyusha chuma. Hatua nane, umefika kwa wavuvi na wawindaji waliofinyanga vyungu vya kwanza vya nchi za ziwa hili. Hatua kama kumi na sita, wakuta ziwa lenyewe limekauka. Zaidi ya hatua mia moja, wafika kwa watu waliokaa katika pango la Mumba, karibu na Ziwa Eyasi. Ukienda hatua 1,800 hivi, wafika wakati wa fuvu maarufu la Olduvai, lile aliloliona Bibi Mary Leakey tarehe 17 Julai 1959. Ukifika hatua 3,700, karibu mwendo wa kilomita tatu, utakuta viumbe wakitembea kwa miguu miwili kama sisi juu ya majivu mabichi ya volkeno, huko Laetoli, kusini ya Olduvai. Nyayo zao zilifunuliwa mwaka 1978, nazo zaonekana wazi kama za mtu aliyepita jana shambani baada ya mvua.

Je, na mawe ya Geita yenye dhahabu? Mawe hayo yana umri wa zaidi ya miaka milioni 2,500. Ukitaka kuyafikia kwa hatua zetu, itakubidi utembee kutoka Shinyanga mpaka Dar es Salaam, kisha uwe njiani kurudi. Hivyo mwanadamu ni mgeni wa juzi katika mawe haya. Lakini mgeni huyu alijua kuyatumia, kama tutakavyoona.

2. Watu wa zana za mawe

Zana ni kitu cho chote anachotumia mtu kufanyia kazi: jembe, shoka, kisu, sururu. Watu wa kwanza hawakuwa na chuma. Walitumia miti, mifupa na mawe. Miti na mifupa huoza upesi, lakini mawe hukaa. Ndiyo sababu wataalamu wa mambo ya kale huuita wakati ule Zama za Mawe.

Wasikilizaji wengi, hasa walio wachimbaji, walijua vizuri jiwe jeupe lenye kung'aa ambalo hukaa kama mshipa ndani ya mwamba. Mchimbaji hulifuata jiwe hilo kwa kuwa huenda lina dhahabu. Hulivunja, hulisaga na kuliosha. Basi fahamuni kwamba jiwe jeupe la namna hiyo mtu wa kale naye alilitafuta, tena kwa bidii, miaka elfu nyingi kabla ya mchimbaji wa leo. Yeye hakutaka dhahabu iliyo ndani, alitaka makali. Jiwe hilo likigongwa vizuri kwa jiwe jingine, hubanduka vipande vyembamba vyenye makali kama wembe. Vingine ni vidogo kama ukucha. Mtu wa kale alivitia katika mti kwa ulimbo, vikawa kisu cha kuchunia mnyama au ncha ya mshale. Katika mapango mengi ya nchi za Ziwa Viktoria vipande hivyo vimepatikana kwa wingi.

Mahali panapotufundisha sana habari za watu hawa ni pango la Mumba. Ukitoka Shinyanga ukielekea mashariki, ukapita Meatu, utafika Ziwa Eyasi, na Mumba iko karibu na ziwa hilo. Kati ya mwaka 1934 na 1938 Mjerumani Ludwig Kohl-Larsen na mkewe Margit walichimba katika sehemu zile, na wataalamu wengine walirudi kuchimba tena miaka ya baadaye. Udongo wa Mumba umelala tabaka juu ya tabaka, kina cha mita kadhaa. Tabaka ni kama blanketi: lililotandikwa kwanza liko chini, lililotandikwa mwisho liko juu. Katika matabaka ya chini zilipatikana zana za mawe za zaidi ya miaka 100,000. Juu yake zilipatikana shanga zilizotengenezwa kwa ganda la yai la mbuni. Karibu na juu vilipatikana vigae vya vyungu.

Lakini kilichowashangaza watu zaidi ni vipande vya jiwe jeusi linalong'aa kama kioo cha chupa. Jiwe hilo halipatikani Eyasi. Lilipopimwa, ilijulikana kwamba limetoka upande wa Naivasha, katika Kenya, mamia ya kilomita kutoka Mumba. Je, lilifikaje? Hapakuwa na gari, wala punda, wala barabara. Lilipita mikononi mwa watu, kutoka jamaa hadi jamaa. Yaani watu wale, ambao wengine huwadharau na kuwaita washenzi wa porini, walikuwa na rafiki wa mbali, walibadilishana vitu, nao walijipamba kwa shanga. Mtu anayetoboa shanga hafikirii tumbo lake tu. Huyo ni mtu kamili kama wewe na mimi.

Hapa nataka kuongeza neno. Pande za Eyasi, pamoja na Meatu, wako jirani zetu Wahadzabe, ambao mpaka leo baadhi yao huwinda kwa upinde na kuchimba mizizi. Wengine husema kwamba Wahadzabe ni "watu wa kale waliobaki". Si neno zuri, tena si kweli. Wahadzabe ni raia wa leo kama sisi. Wanayo elimu kubwa ya pori na ya wanyama, na sisi wengine tumeisahau.

3. Ziwa lililokauka, na vyungu vya kwanza

Mtu wa Geita akiambiwa kwamba Ziwa Viktoria liliwahi kukauka, atacheka. Lakini ndivyo ilivyokuwa. Ziwa hili ni pana sana, lakini si refu kwenda chini. Kina chake hakifiki mita 100. Zamani, kati ya miaka 17,000 na 15,000 iliyopita, mvua ilipungua sana katika Afrika ya Mashariki. Wataalamu walitoboa tope la chini ya ziwa na kulichunguza, wakaona tabaka la udongo uliokauka juani na kuota majani. Mahali wavuvi wanapotupa nyavu leo, mtu angeweza kupita kwa miguu. Baadaye mvua zilirudi na ziwa likajaa tena.

Maji yaliporudi, watu walisogea pwani yake. Waliishi kwa kuvua, kuokota konokono na kuwinda, na wakaanza kufinyanga vyungu. Vyungu hivyo vina mapambo mengi ya vishimo na mistari, na wataalamu huviita vyungu vya Kansyore, kwa jina la kisiwa kimoja cha Mto Kagera ambako vilitambuliwa kwanza. Vya zamani sana vina umri wa miaka 8,000 hivi.

Katika miaka ya 1960 wataalamu wawili, Soper na Golden, walikagua mapango na miamba ya mkoa wa Mwanza, ambao wakati huo ulikuwa na wilaya ya Geita ndani yake. Walitoa taarifa yao mwaka 1969. Katika pango la Nyang'oma, karibu na Mwanza, vilipatikana vigae vya Kansyore pamoja na zana ndogo za mawe. Kigae, mnajua, ni kipande cha chungu kilichovunjika. Mama akivunja chungu hutupa vigae jalalani na kusahau. Lakini udongo uliochomwa hauozi. Baada ya miaka elfu nane kigae kile kile hutuambia ni nani alikaa hapo na jinsi alivyopamba chungu chake.

4. Wayeyusha chuma

Sasa tumebakiza hatua mbili kufika mlangoni petu. Miaka 2,000 na zaidi iliyopita walikuwako watu kandokando ya ziwa waliolima na kuyeyusha chuma. Vyungu vyao vilikuwa vizuri mno, vimepambwa kwa mistari, na vingi vilikuwa na kibonyeo kidogo katika kitako, kama alama ya kidole gumba. Huitwa vyungu vya Urewe, kwa jina la mahali huko magharibi ya Kenya.

Matanuri yao yamechimbuliwa sana katika nchi ya Buhaya, mkoa wa Kagera, hasa Katuruka, ambako Mmarekani Peter Schmidt alianza kazi mwishoni mwa miaka ya 1960. Schmidt hakuanza na jembe la kuchimbia. Alianza kwa kuketi na wazee na kuwasikiliza. Wazee ndio walioonyesha mahali ambapo hadithi zao zasema wafua chuma wa kale walifanya kazi. Palipochimbwa, chuma na makaa vilikuwako kweli, navyo vilikuwa vya zamani kuliko alivyotazamia mtu ye yote.

Mwaka 1976 wazee wa Kihaya, waliokuwa vijana wakati kazi hiyo ilipokuwa bado ikifanyika, walijenga tanuri tena ili watu waone. Walilijenga kwa udongo wa kichuguu, wakaweka makaa ya miti na mawe ya chuma, wakaingiza mabomba ya udongo ndani, na kuvuvia mivuo. Kilichotoka kilikuwa na sehemu ya chuma kigumu, yaani chuma cha pua, na habari zake zilichapishwa mwaka 1978 katika gazeti kubwa la wanasayansi huko Marekani. Kazi ile haikuwa ya kubahatisha. Ilikuwa ni ufundi wenye vipimo, nao ulifundishwa na mzee kwa kijana.

Na huku kwetu? Wasikilizaji wa Geita, ninyi mna Warongo. Warongo walikuwa mafundi wa kuyeyusha chuma katika nchi za Geita, Biharamulo na jirani zake. Hawakuwa kabila moja tangu mwanzo. Walikuwa watu wa asili mbalimbali waliounganishwa na kazi yao. Kabla ya kuwasha tanuri walitia dawa katika shimo lililo chini yake, na kazi ilikuwa na miiko mingi. Majembe yao yalikwenda kwa Wasukuma na Wanyamwezi. Kwa jembe hilo watu walilima, na kwa jembe hilo hilo walilipa mahari. Baadaye majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuja kwa bei rahisi, na moto wa matanuri ukazimika.

Tazameni basi: vilima vya Geita vina mawe yenye milia ya chuma, na dhahabu ya Geita hukaa mara nyingi katika mawe hayo hayo. Watu wamekuwa wakifuata utajiri wa mawe katika nchi hii kwa muda mrefu kuliko tunavyofikiri. Mgodi mkubwa wa kwanza wa dhahabu wa Geita ulianza katika miaka ya 1930 na kufungwa mwaka 1966. Mgodi mpya ulianza kutoa dhahabu mwaka 2000. Hayo yote, ukipima kwa mfano wetu wa hatua, hayafiki hata nusu ya urefu wa wayo wako.

5. Dhahabu na kigae

Sasa nafika kwenye neno kubwa la somo hili. Sikilizeni vizuri, hasa wachimbaji.

Dhahabu ukiitoa ardhini, haipotezi thamani. Ipeleke Geita mjini, ipeleke Mwanza, ipeleke Dubai, gramu ni gramu. Mnunuzi haulizi ilikuwa imelala kina gani, wala karibu na nini. Lakini kigae cha kale na zana ya jiwe sivyo vilivyo. Thamani yake yote ni mahali kilipolala. Kikiwa ndani ya tabaka lake, pamoja na makaa na mifupa ya jirani, ni shahidi. Twaweza kupima makaa na kujua umri, twaweza kutazama mifupa na kujua watu walikula nini. Kikitupwa juu ya kifusi, ni jiwe tu, ni kigae tu. Shahidi amenyamazishwa, na hakuna fedha itakayomrudishia ulimi.

Tena ardhi haina nakala ya pili. Kitabu kikiungua, huenda kingine kipo Dodoma. Tabaka la udongo likivurugwa mara moja limekwisha. Fikirini basi ni mashimo mangapi yamechimbwa katika nchi hii tangu mlipokuwa watoto. Na bado wako watu wanaovunja makaburi na mawe ya zamani usiku, kwa tamaa ya mali wanayodhani Wajerumani waliificha. Mara nyingi hawapati kitu, na ushahidi wameuharibu.

Mchimbaji ana ujuzi ambao mtu wa ofisini hana. Yeye hujua kutofautisha udongo wa juu, changarawe na mwamba kwa kuvigusa tu, hata gizani. Huyo ndiye msomaji wa kwanza wa kitabu hiki cha ardhi. Amekosa kuambiwa tu kwamba mna maneno mengine ndani yake zaidi ya dhahabu.

6. La kufanya

Mtu atauliza: nitajuaje kwamba jiwe hili ni zana? Si kila jiwe lenye makali ni zana, hasa mahali palipolipuliwa baruti, maana baruti nayo hutoa vipande vikali. Tazama mambo matatu. Je, makali yamegongwa mara nyingi kwa utaratibu, upande mmoja au pande zote mbili? Je, vipande viko vingi pamoja? Je, ni jiwe la namna ngeni, lisilopatikana hapo? Ukijibu ndiyo kwa mawili kati ya hayo, liangalie sana. Kuhusu chuma, tafuta mavi ya chuma, mazito na yenye matundu, pamoja na vipande vya mabomba ya udongo mwekundu uliochomwa.

Ukikuta vitu hivyo, usivioshe wala usivivunje. Fanya haya. Kwanza, simamisha kazi mahali hapo. Pili, pima kina kwa kamba au kwa mpini. Tatu, andika katika karatasi: jina la mahali, kina, tarehe, na kitu ulichokiona. Nne, mpe habari mwenyekiti wa kijiji na afisa utamaduni wa wilaya, ili ziifikie Idara ya Mambo ya Kale. Hiyo ni amri ya Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, ambayo hulinda vitu vilivyotengenezwa na watu kabla ya mwaka 1863. Na ikiwa ni mifupa ya mtu, iache kwa heshima, usiiondoe, na toa habari siku ile ile.

Najua wako watakaosema, "Bwana Afisa, siku moja bila kuchimba ni siku moja bila chakula nyumbani." Neno hilo ni la haki, nami sitalipinga kwa maneno matamu. Lakini fikirini hivi. Vitu vingi vya kale viko karibu na juu, katika udongo wa kwanza, si chini katika mwamba. Ukitazama vizuri siku ya kwanza ya kufungua duara, kabla hujaweka matimba na kulipa vibarua, hasara yako ni ndogo. Ukinyamaza mpaka umefika chini, umekwisha kuvivunja vyote. Kazi ya kutazama ni ya asubuhi moja. Kilichopotea hakirudi kwa miaka elfu.

Na ninyi mnaojifunza kusoma na kuandika, msiseme kwamba elimu hii ni ya wataalamu tu. Kitu kinachotakiwa hasa ni mistari minne katika karatasi, na mistari hiyo sasa mwaweza kuiandika. Watu wa Mumba, wa Nyang'oma na Warongo wa Geita hawakuwa na kalamu. Kalamu iko kwenu. Tena ulizeni wazee wa vijijini mwenu habari za matanuri na mapango, mkaziandike kabla wazee hao hawajaondoka.

Maswali ya kujadiliana darasani

1. Kwa nini kigae hupoteza thamani kikiondolewa mahali pake, na dhahabu haipotezi?
2. Jiwe jeusi la Mumba latufundisha nini juu ya watu wa kale?
3. Je, katika kijiji chenu kuna mahali penye mavi ya chuma, pango, au mwamba wenye michoro? Ni nani ajuaye habari zake?
4. Kila mwanafunzi aandike mistari minne, kana kwamba ameona kigae cha kale katika shimo: mahali, kina, tarehe, na kitu chenyewe.